Maswali ya Wasomaji: Saa za Kuzamia za Zamani, Majina Mbalimbali na Sura Moja

Barua nyingi tulizozipata safari hii zimetoka Tanga, na zote zimezungukia jambo moja. Watu wamefungua makabati ya wazee wao, wakatoa saa za mkononi zilizotengenezwa kwa ajili ya wazamiaji kati ya miaka ya 1950 na 1970, wakazilinganisha, na wakashangaa kuona saa za viwanda vinavyoshindana zimefanana kasha, uso na hata mihuri ya ndani. Tumechagua barua nne na kuzifupisha pale ilipolazimu. Majina ya waandishi tumeyaacha, kwa sababu saa za aina hii zina wezi wake.

Swali: Ndugu Mhariri, asalaam aleikum. Marehemu baba alikuwa mzamiaji bandarini hapa Tanga, na kazi yake ilikuwa kukagua matishari kwa chini na kufungua kamba zinazojinyonga kwenye rafadha. Ametuachia saa ya Enicar yenye vichwa viwili vya kutilia ufunguo upande wa kulia, kimoja juu na kingine chini. Binamu yangu amerudi kutoka Muscat na saa ya Longines, nayo ina vichwa viwili vya namna ile ile, vyenye michirizi iliyokatizana, na pete ya dakika iliyo ndani ya kioo. Fundi mmoja wa Ngamiani alizifungua zote mbili, akakuta ndani ya vifuniko vya nyuma kuna muhuri wa kofia ya mzamiaji, na mihuri hiyo haina tofauti. Alisema viwanda viwili haviwezi kuwa na muhuri mmoja, kwa hiyo saa moja ni bandia, na akaishuku ya baba kwa kuwa jina la Enicar si kubwa kama la Longines. Je, ni kweli? (Msomaji, Ngamiani, Tanga)

Jibu: Wa aleikum salaam, ndugu yetu, na Mwenyezi Mungu amrehemu mzee. Muhuri uliomtia fundi wako shaka ndio hasa unaoelekea kuitetea saa ya baba yako. Kofia ile ya mzamiaji haikuwa alama ya Enicar wala ya Longines. Ilikuwa alama ya kampuni ya tatu, Ervin Piquerez S.A., ambayo hufupishwa EPSA, iliyokuwa Bassecourt katika eneo la Jura nchini Uswisi. Kampuni hiyo haikuuza saa kwa watu. Ilitengeneza makasha na kuyauza kwa kampuni zenye majina.

Katika miaka ya 1950 EPSA ilipata hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi, ya kasha iliyoliita Compressor, na ufundi wake unastahili kuelezwa kwa sababu ndio uliowavuta wateja. Katika kasha la kawaida kifuniko hukazwa, kikaubana mpira wa kuzuia maji, na mbano ule hubaki vilevile, saa ikiwa juu ya meza au ikiwa chini ya bahari. Katika kasha la Compressor, kifuniko kimeshikiliwa kwa namna ya springi, hivyo maji yanapozidi kukisukuma kutoka nje, nacho huzidi kuukandamiza mpira, na kadiri mzamiaji anavyoshuka ndivyo kasha linavyojifunga. Saa ikirudi juu mbano hulegea, na mpira haukai umekandamizwa kwa nguvu zote mwaka mzima mpaka ukapoteza unyumbufu wake. Toleo lililokusudiwa wazamiaji liliitwa Super Compressor, na mengi ya makasha hayo ndiyo yenye vichwa viwili unavyovieleza: kimoja hutia saa ufunguo na kurekebisha majira, na kingine huzungusha pete ya dakika iliyo chini ya kioo.

Orodha ya walionunua makasha hayo ni ndefu kuliko fundi wako anavyodhani. Longines na Enicar wamo, na pamoja nao wamo Universal Genève, Hamilton, Wittnauer, Benrus na Bulova. IWC ilipotoa Aquatimer yake ya kwanza mwaka 1967, kasha lilikuwa la EPSA. Jaeger-LeCoultre nao walilitumia kwa Polaris ya mwaka 1968, ila wao waliongeza kichwa cha tatu, kwa sababu saa ile ilikuwa na kengele ya kumtahadharisha mzamiaji kwamba muda wake umekwisha. Ukiziweka saa hizi zote juu ya meza moja na kuyafunika majina kwa kidole, hata mtu aliyezizoea atasita kabla ya kujibu ipi ni ya nani.

Kampuni kubwa hazikuona aibu kununua kasha la mtu mwingine, kwa kuwa ndivyo kazi ya saa ilivyokuwa imegawanyika Uswisi kwa muda mrefu: huyu anachonga makasha, yule anapaka nyuso, mwingine anakata mishale, na mwenye jina anaunganisha na kuuza. Fundi jahazi wa Pangani akiunda vyombo vitatu kwa ubao na mkono mmoja, kisha matajiri watatu wakaviandika majina yao, hakuna anayesema viwili kati yake ni vya kuigiza. Tena kasha lisilopitisha maji lilihitaji mashine za pekee, majaribio ya shinikizo na hataza ambayo mwenyewe hakuigawa bure, kwa hiyo kulinunua kulikuwa nafuu kuliko kulibuni upya.

Sasa, fundi atazame wapi ili ajue ukweli? Atazame mashine, yaani mtambo wa ndani unaoendesha mishale. Longines waliweka mashine zao wenyewe, zenye jina lao na namba ya aina. Enicar pia walikuwa na mashine zao, ambazo mara nyingi zina herufi AR, yaani Ariste Racine, mwanzilishi wa kampuni. Na ukilisoma jina Racine kutoka nyuma utaona jina la saa lilikotoka. Mashine ikiwa ya Enicar, uso ukiwa wa Enicar, na kasha likiwa na muhuri wa EPSA, saa ya baba yako imekamilika. Muhuri peke yake hautoshi, maana kwa kuwa makasha yalifanana, kifuniko cha saa moja kinaweza kuvishwa nyingine ya kipimo hicho hicho, na mafundi wasio na subira wamefanya hivyo mara nyingi. Kinachotakiwa ni kifuniko, mashine na uso vikubaliane vyote vitatu.

Nakuomba jambo moja zaidi. Ile michirizi ya vichwani mwa funguo, iliyokatwa mfano wa wavu wenye macho madogo, usimruhusu mtu aisugue ili ing'ae. Vichwa halisi vya saa hizi ni vigumu kupatikana, na ukali wa michirizi yake ni mojawapo ya vitu ambavyo mnunuzi mjuzi huvitazama kwa kioo cha kukuzia kabla hajauliza bei.

Swali: Mwanangu mhariri, mimi ni baharia mstaafu, ninaishi Raskazone. Wajukuu wangu wanabishana kila Ijumaa baada ya chakula. Mmoja anasema Rolex Submariner ndiyo mama wa saa zote za kuzamia na wengine wote ni waigaji. Mwingine anasema Blancpain ilitangulia, na Rolex na Omega wakafuata. Wote wawili wananionyesha picha kwenye simu, nami naona ni saa ile ile: uso mweusi, pete nyeusi, pembetatu juu. Nani aliiga? (Mzee, Raskazone, Tanga)

Jibu: Shikamoo mzee wetu. Kwa upande wa tarehe, Fifty Fathoms ya Blancpain, Submariner ya Rolex na Sea Wolf ya Zodiac zote huhesabiwa kuwa ni za mwaka 1953, ingawa Submariner ilitolewa hadharani katika maonesho ya Basel mwaka 1954. Seamaster 300 ya Omega ilifuata mwaka 1957. Sisi tunaona kubishania miezi hakutawafikisha wajukuu popote, kwa sababu sehemu kubwa ya mfanano huo isingeweza kuepukika hata kama watengenezaji wale wasingewahi kuonana.

Tuanze na Blancpain, kwa kuwa habari zake ziko wazi. Jean-Jacques Fiechter, aliyekuwa akiiongoza kampuni hiyo, alikuwa mzamiaji kwa mapenzi yake, na aliwahi kuishiwa hewa akiwa chini ya maji kusini mwa Ufaransa kwa kutojua muda aliokwisha kuutumia. Wakati huo huo maofisa wawili wa Ufaransa, Robert Maloubier na Claude Riffaud, walikuwa wakiunda kikosi cha waogeleaji wa kivita, na saa walizozijaribu hazikuwafaa. Wakaandika wanachokitaka: uso mweusi, tarakimu kubwa zisizo na mapambo, alama za pembetatu, duara na mraba zinazong'aa gizani, na pete ya nje inayozunguka yenye alama zinazolandana na zile za usoni. Kikosi kikaiona Fifty Fathoms, kikaikubali. Ukiisoma orodha ile leo unaona kwamba maofisa wale walikuwa wameieleza karibu kila saa ya kuzamia iliyokuja baadaye, za Rolex na Omega zikiwemo.

Kila sharti la orodha ile lina sababu yake majini, nawe mzee unayajua maji kuliko sisi. Mwanga hupungua kadiri mtu anavyoshuka, na rangi hazipotei kwa pamoja: nyekundu huenda mapema, katika mita chache za kwanza, na mwishowe kila kitu huwa cha buluu na kijani kilichofifia. Katika hali hiyo kinachobaki kuonekana ni tofauti kati ya cheupe na cheusi, ndiyo sababu ya uso mweusi wenye alama nyeupe. Pembetatu penye namba 12 imewekwa ili mtu aliyegeuka kichwa chini miguu juu asiisome saa kinyume. Mshale wa dakika umefanywa mkubwa, wakati mwingine kuliko ule wa saa, kwa kuwa mzamiaji anahesabu dakika za hewa iliyobaki, wala hana haja ya kujua kama adhuhuri imeingia.

Pete nayo hutumika hivi: mtu anapozama huielekeza pembetatu yake kwenye ncha ya mshale wa dakika, na baada ya hapo, mshale unaposonga, tarakimu za pete humwambia dakika zilizopita bila hesabu ya kichwani. Wazee wengi wa pwani huziweka saa zao kwa majira ya Kiswahili, na wengine huziacha kwa majira ya Kizungu wakausoma mshale upande wa pili. Pete haina habari na hayo yote. Kuhusu unene wa kasha na kioo, kila mita 10 za kina huongeza shinikizo la takriban angahewa moja, na jina Fifty Fathoms lenyewe ni pima 50, yaani kama mita 91, kina ambacho wakati ule kilidhaniwa kuwa ndicho kikomo cha mtu anayezamia kwa hewa ya kawaida.

Kwa hiyo wabunifu wote walipewa mtihani mmoja, na majibu yakakaribiana. Mkono wa kila mmoja unaonekana pale ambapo maji hayakulazimisha kitu. Mshale wa saa wa Submariner una duara lililogawanywa mara tatu karibu na ncha, ambalo halikumfaidi mzamiaji chochote zaidi ya kumfanya aitambue Rolex. Seamaster 300 ya kwanza ilikuwa na mshale wa saa wenye kichwa kipana kama cha mkuki. Pete ya Fifty Fathoms ilifunikwa kwa bakelaiti, plastiki ngumu ya zamani, inayometa yenye mgongo ulioinuka kidogo, wakati ya Submariner ilikuwa na bamba la alumini ambalo jua na chumvi huligeuza kutoka weusi hadi kijivu. Rolex walitumia kichwa kinachokazwa kwa skurubu. Fiechter alitumia kichwa chenye mipira miwili, ili kikivutwa kwa bahati mbaya majini mpira wa pili ubaki kinga. Akina sisi tunaopenda vitu hivi tunaona hayo ndiyo ya kubishania siku ya Ijumaa, kuliko nani alitangulia kwa miezi mitatu.

Kuna pia mfanano uliotokana na amri, na huo wajukuu wasiuchanganye na ule wa kwanza. Omega Seamaster 300 na Rolex Submariner zilizotolewa kwa wazamiaji wa Jeshi la Majini la Uingereza, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, zinafanana zaidi ya zile zilizouzwa madukani: mishale mipana mfano wa upanga, herufi T ndani ya duara usoni (alama ya tritiamu, kemikali ya rangi ya kung'aa), pete yenye mistari ya dakika zote 60, na pini za mkanda zilizochomelewa zisitoke. Hapo aliyechora ni Wizara ya Ulinzi kwa karatasi ya masharti, na viwanda vikatii. Kampuni ya Kiingereza ya CWC, iliyopata kazi hiyo baadaye, ilitoa saa yenye sura hiyo hiyo, kwa sababu karatasi haikubadilika sana. Katika hili hakuna mwigaji, kuna wazabuni.

Lakini tusiwasafishe wote. Kufikia miaka ya 1960 kuzamia kulikuwa kumekwisha kuwa mchezo wa watalii, na viwanda vingi vidogo vilitoa saa zenye uso mweusi na pete nyeusi kwa sababu tu zilikuwa zikiuzika. Miongoni mwao wapo walioitazama Submariner dirishani na kuinakili mpaka lile duara la mshale, na huo ni uigaji mtupu.

Swali: Mheshimiwa Mhariri, mume wangu amefariki hivi karibuni. Ameacha saa iliyoandikwa Tudor, lakini kichwa cha kutilia ufunguo kina taji la Rolex, na kifuniko cha nyuma kimeandikwa Rolex pia. Bwana mmoja anataka kuinunua, na anasema bei yake ni ndogo kwa kuwa ni saa ya kuungaunga, imechanganywa vipuri. Niko kwenye eda na sina wa kumtuma dukani. Naomba ushauri. (Bi., Chumbageni, Tanga)

Jibu: Pole sana, Bi., kwa msiba huu, na Mungu akupe subira. Tafadhali usiuze sasa. Anayokwambia bwana huyo ama hayajui, ama anayajua vizuri mno.

Tudor ilianzishwa na Hans Wilsdorf, mtu yule yule aliyeianzisha Rolex, ili auze saa zenye uimara wa kasha la Rolex kwa bei ambayo watu wengi zaidi wangeimudu. Nafuu hiyo ilipatikana kwenye mashine, ambazo zilinunuliwa kwa viwanda vingine kama Fleurier na baadaye ETA. Kasha, kichwa cha kutilia ufunguo na kifuniko vilitoka Rolex. Submariner ya Tudor ilianza kuuzwa mwaka 1954, na kwa miongo kadhaa saa hizo zilitoka kiwandani zikiwa na taji la Rolex kwenye kichwa na maandishi nyuma yanayosema kwamba kasha ni la Oyster, jina la kasha la Rolex lisilopitisha maji, lililotengenezwa na Rolex, Geneva. Jeshi la Majini la Ufaransa lilizitumia saa hizo bila kulalamika kwamba zimeungwaungwa. Kuanzia mwaka 1969 Tudor ilizipa saa zake za kuzamia mshale wa saa wenye kipande cha mraba karibu na ncha, na alama za usoni za mraba, na saa za sura hiyo mtu anaweza kuzitofautisha na Rolex akiwa ng'ambo ya meza; kabla ya hapo, kwa nje, tofauti ilikuwa jina na nembo tu.

Saa ya kuogopa ni ile yenye sifa za kinyume: uso ulioandikwa Rolex, na ndani mashine ya ETA. Hiyo ndiyo imechanganywa, na mara nyingi uso umebadilishwa makusudi ili Tudor iuzwe kwa jina la ndugu yake mkubwa.

Eda ikiisha, mpelekee saa fundi unayemwamini, au kaka yako aende nayo, na ifunguliwe mbele ya macho yake. Apige picha za uso, mashine, na sehemu ya ndani ya kifuniko. Asikubali saa isafishwe kwa mashine ya kung'arisha, wala uso upakwe rangi upya, hata ukiwa umebadilika na kuwa wa kahawia. Wanunuzi wa saa hizi hulipia uso wa asili uliochakaa kuliko uliorembwa. Na mume wako kama alihifadhi risiti, kisanduku au karatasi yoyote iliyokuja na saa, hivyo visitupwe wakati wa kupanga vitu vya marehemu.

Swali: Kaka Mhariri, habari za kazi. Mimi ni kijana wa Sahare, nazamia pweza. Ninayo Seiko yenye namba 6309 nyuma, na mjomba amenipa saa nyingine ya zamani, nyembamba, imeandikwa Swiss lakini jina la usoni silijui. Nimeona picha ya Seiko ya kwanza ya kuzamia, nayo imefanana sana na hii ya mjomba. Je, Seiko waliiga? Na je, naweza kuzamia na hii ya mjomba? Rangi yake ya kung'aa imekufa, fundi anataka kuikwangua apake mpya. (Kijana, Sahare, Tanga)

Jibu: Nzuri, mdogo wetu. Uliyoiona picha yake bila shaka ni ile ya mwaka 1965 ambayo watu huiita 62MAS, saa ya kwanza ya kuzamia kutoka Japani, ya mita 150. Ndiyo, sura yake iko karibu sana na saa za Uswisi za wakati ule: kasha jembamba la pembe zilizonyooka, pete nyembamba, na alama za mstatili zilizojaa rangi ya kung'aa. Makasha ya namna hiyo yalikuwa yakiuzwa kwa wingi Uswisi, na majina mengi madogo, ambayo leo hakuna anayeyakumbuka, yaliyanunua na kuyaandika yatakavyo. Hiyo ya mjomba huenda ni mojawapo. Tunadhani Seiko walianza kwa kuitazama Uswisi, kama kila aliyeingia katika biashara hiyo alivyofanya, ila hawakukaa hapo. Saa yao nyingine, 6105 ya mwaka 1968, tayari imekisogeza kichwa cha kutilia ufunguo mpaka penye namba 4 ili kisimchome mtu mkononi anapokunja kiganja. Mwaka 1975 wakatoa ya mita 600 yenye kasha la titani na gamba la nje la kuikinga, ambayo haikufanana na kitu chochote cha Uswisi. Hiyo 6309 yako, ya kuanzia mwaka 1976, yenye kasha la duara lililovimba mbavuni, ni Seiko kwa kila hali, na sasa wapo wengi wanaoiiga yenyewe.

Kwa kuwa umegusa kuiga, kuna mfano mmoja wa upande mwingine. Vostok Amphibia ya Urusi, iliyobuniwa na Mikhail Novikov na Vera Belova na kutolewa mwaka 1967 kwa kina cha mita 200, ina kifuniko kinachokandamizwa na maji yenyewe mpaka kikaubana mpira, wazo lile lile la EPSA tulilomweleza ndugu wa Ngamiani. Lakini vipande vyake vimepangwa tofauti: kifuniko bapa chenye kuzuiliwa kisizunguke, na pete ya pembeni inayokishikilia. Kwa nje saa hizo hazina udugu wowote, na kwa ndani zinafanya kazi moja. Mtu akitafuta mfanano kwa macho tu, huu utampita.

Kuhusu kuzamia na saa ya mjomba, jibu ni hapana. Maandishi ya kina yaliyoko usoni yalikuwa kweli siku ilipotoka kiwandani. Mipira ya umri huo imekauka, na chumvi ya bahari hula taratibu pale kifuniko kinapokutana na kasha, mahali usipopaona. Seiko yako unaweza kuzamia nayo, kwa sharti kwamba imebadilishwa mipira ya kichwa na ya kifuniko, na imepimwa kwa chombo cha shinikizo kabla ya kuingizwa majini. Na kila utokapo baharini isuuze kwa maji baridi, ukiizungusha pete ndani ya maji hayo ili mchanga utoke.

Na rangi ya mjomba isikwanguliwe. Saa nyingi za kabla ya miaka ya 1960 zilipakwa rangi yenye rediamu, madini yanayotoa mionzi; rangi hiyo huacha kung'aa baada ya miaka michache kwa kuwa kemikali inayotoa mwanga huchoka, huku rediamu yenyewe ikibaki: nusu yake huchukua takriban miaka 1,600 kupotea. Ikiwa imefungwa ndani ya kioo haina madhara makubwa kwa mvaaji, lakini vumbi lake likikwanguliwa na kuvutwa puani ni hatari kwa fundi na kwa watoto wanaochezea mezani pake. Saa za baadaye zilitumia tritiamu, iliyo hafifu zaidi, na hizo mara nyingi zina herufi T usoni, upande wa chini karibu na namba 6. Itazame hiyo ya mjomba kwa mwanga mzuri. Kama haina T, mwambie fundi habari ya rediamu kabla hajaufungua mfuniko.